Faili Tuliyokuzika Nayo

Mpendwa mume wangu, Baba Lusajo,

Leo nimeanika kakao peke yangu. Nimeigeuza mara tatu kama ulivyotaka, ingawa jua halikuwa kali. Sijui kwa nini nakwambia hili kwanza.

Ulipoanguka na pikipiki njia ya Ipinda, mguu ulivunjika na damu ikaganda ndani yake. Kichwa nacho kilikuwa kimevuja damu, kwa hiyo hospitali kubwa haikuthubutu kukupa dawa ya kuyeyusha damu. Wakakuwekea kichujio kidogo cha waya kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, kizuie bonge la damu lisifike mapafuni. Uliporudi ulimwambia mwanetu Lusajo, "Mimi sasa ni birika. Nina chujio ndani."

Mguu ukapona. Ukapanda mpunga, ukabeba magunia. Kichujio tukakisahau. Mwaka wa pili kifua kikaanza kukubana. Picha ilionyesha waya mmoja umevunjika na kusafiri hadi kwenye moyo. Daktari aliuliza, "Kwa nini hakikutolewa?" Uliniangalia. Mimi niliangalia sakafu.

Waya ule ndio uliokuua. Siku ya mazishi wanawake walikufunika kwa mashuka waliyoleta. Shangazi yako akasema, "Karatasi za ugonjwa zisibaki nyumbani. Ziende naye." Nikachukua faili yako ya kijani, nikaiweka miguuni pako kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulia. Niliona tu kwamba kazi imekwisha.

Mwezi uliopita shemeji Ambakisye alinipeleka kwa wakili. Wakili alisema njia zipo: kulalamika kwa wanaosimamia madaktari, kuishtaki hospitali, pengine hata waliotengeneza kifaa. Ila sheria ina muda wake, ukipita hatusikilizwi. Kisha akauliza, "Mama, mliambiwa mrudi kukitoa? Cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali kiliandikwaje?"

Nikamwambia kiko ndani ya faili, kaburini. Akaweka kalamu chini.

Nje shemeji akasema, "Tuombe kibali, tufukue."

"Umfukue kaka yako kwa ajili ya karatasi?"

"Yeye angenifukua kwa ajili ya jembe tu, shemeji. Unamjua."

Nilikaribia kucheka. Halafu kicheko hakikuja.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile ya kutoka hospitali ulinipa cheti ukasema, "Soma wewe, macho yangu yamechoka." Nikakikunja nikakitia kwenye faili, nikiwaza basi litatuacha. Sikukisoma. Wewe uliamini nimekisoma, maana barua zote za nyumba hii nasoma mimi. Mpaka unakufa hukuniuliza.

Wakili anasema hospitali inapaswa kuwa na nakala, na msimamizi wa mirathi anaweza kuiomba. Jana mahakama ya mwanzo ilinipa barua ya usimamizi. Nimemwambia shemeji kaburi lako haliguswi, akaniletea ndizi.

Jumatatu nasafiri kwenda hospitali ile. Ikiwa hawakuandika kwamba turudi, nitawafungulia kesi, na sitachoka. Ikiwa waliandika, nitasoma hapo hapo dirishani mpaka mstari wa mwisho, halafu nitakuja kwako nikueleze kilichoandikwa.

Ndaga, asante, Baba Lusajo. Pumzika.

Mkeo,
Mama Lusajo