Kigae Kichwa Chini

Jumanne, 4 Juni
Nimefika. Ngazi mia mbili na kitu mpaka kijijini—magoti yanalia! Wanangu hawajui niko huku. Wangesema ngoja likizo, mama, tutakupeleka. Nimengoja miaka thelathini, yatosha. Kila kiangazi baba yao alipanda kilima hiki kuunga vyungu vya makumbusho, na kila mara akirudi: mke wangu, mwakani tunaenda wote. Akatangulia pasipo na ngazi.

Chumba kina vitanda viwili. Kimoja nimelaza mkoba.

Jumatano, 5 Juni
Ngome ya kale ya hapa kilimani nimeizunguka. Mawe na upepo. Watu wote wawili wawili. Wakaniomba niwapige picha—hakuna aliyeuliza kama nami nataka.

Halafu makumbusho. Mtungi mkubwa aliouunga mume wangu upo! Aliniungamia siku moja: kati ya vigae themanini, kimoja alikipachika kichwa chini miguu juu. Simu ilimfikia kwamba mtoto amezidiwa, akawa na haraka ya kurudi nyumbani, gundi ikakauka kabla hajakigeuza. Chini ya kishikio, kidogo kama kifuniko cha soda. Nakshi yenyewe imefifia, asiyeambiwa haoni. Mimi nimeona! Nikacheka peke yangu, mlinzi akanikodolea macho. Kisha nikalia. Hata kaburini sijamkuta hivi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerudi asubuhi—mtungi hauko kwenye kabati la kioo. Mlinzi anasema umepelekwa karakana. Nimejitambulisha mimi ni mke wa nani, nikaingizwa.

Fundi mpya ni binti, rika la kitindamimba wangu.

"Shikamoo, mama. Mungu kakuleta! Marehemu kaandika kwenye daftari lake kwamba kigae kimoja kakikosea. Kipi, hakusema. Wiki nzima natafuta kule kule kwenye kabati, wapi!"

Nikamuuliza, usipokiona?

"Nitaufungua wote, mama, niunge upya. Nikikijua, nageuza hicho kimoja tu, vingine vyote vinabaki alivyoviweka yeye. Hakuwahi kukuambia?"

Mzee wangu nawe! Sabini na tisa alivipanga kwa utulivu, akiwa mbali nami. Hicho kimoja ndicho alichokiweka akinikimbilia.

Nimeomba dakika tano. Kanipa kiti, dawa ya kulainisha gundi iko tayari kwenye bakuli, naye amesimama ananisubiri. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye mtungi, chini ya kishikio, umekifunika.