Abiria wa Uongo

Mwanza, Alhamisi, Machi 1938.

Tangu asubuhi hewa imekuwa nzito, jasho halikauki, na mvua iliyokuja mchana haikupunguza kitu. Nimechoka. Si uchovu wa mikono, huo nimeuzoea. Huu wa leo hata kulala hakutauondoa.

Naandika kabla jua halijazama, kwa sababu nikichelewa nitaanza kujidanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi kuliko yalivyokuwa.

Hapa mtaani Kirumba wananiita Saidi fundi ndege, na hawakosei. Kazi yangu ni kuifungua injini, kuisafisha na kuifunga. Lakini tangu Kapteni Merrick aje kufundisha vijana urubani, nina kazi ya pili ambayo sikuajiriwa kuifanya.

Najifanya abiria.

Kapteni haiamini sana mitihani ya zamani, ile ya kuzunguka uwanja mara tatu, kupinda kushoto, kupinda kulia, na kutua karibu na bendera. Anasema marubani wenzake aliowazika waliijua yote hiyo. Anasema kilichowaua ni mtu wa kiti cha nyuma mwenye haraka. Kwa hiyo huwatungia wanafunzi wake safari zinazofanana na safari za kweli, na mtu wa kiti cha nyuma ni mimi. Nimewahi kuwa tajiri wa pamba anayewahi mnada. Nimewahi kuwa mlevi anayetaka kufungua mlango angani. Siku moja nilikuwa mgonjwa wa tumbo, nikagumia kutoka hapa hadi Ukerewe, mpaka mwanafunzi akanipa leso yake nijifute jasho ambalo halikuwepo. Siku zote hizo mwanafunzi alijua anapimwa, na tukishatua tulicheka.

Leo hakuna aliyecheka.

Mwanafunzi wa leo alikuwa Nizar, kijana wa miaka ishirini na miwili. Baba yake ana duka la nguo Bukoba, na hapa Mwanza amefikia kwa mjomba wake, miezi sita sasa. Kila asubuhi akifika uwanjani huja kwangu kwanza, "Shikamoo, fundi," ndipo aende kwa Kapteni. Anarusha ndege vizuri. Alibakiza mtihani mmoja tu ili aruhusiwe kubeba watu.

Jana jioni Kapteni aliniita kando. Alisema safari hii Nizar asijue kabisa kwamba anapimwa. "Mwambie una shida Musoma. Shida yoyote. Mfanye atake kufika." Alikuwa ameyaona mawingu yanayojikusanya mashariki kila siku wiki hii. Alitaka kujua kama kijana atageuka.

Shida gani, hakunichagulia. Niliichagua mwenyewe.

Asubuhi nilimkuta Nizar anakagua mafuta. Nikamwambia, "Mwanangu, binti yangu yuko Musoma kwa dada yangu. Ana homa, leo siku ya tatu. Kapteni amekubali nipande nanyi."

Aliacha alichokuwa akifanya. "Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Anaitwa nani?"

"Zuhura."

Akakifunga kifuniko cha tangi, akakikaza mara mbili. "Tutafika kabla ya saa sita, fundi. Inshallah."

Ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo. Hilo lilinitisha, lakini nilipanda.

Ndege yetu ina viti vitatu. Nizar na Kapteni walikaa mbele, kila mmoja na usukani wake, mimi nikakaa nyuma yao. Tuliruka juu ya majabali, tukaiacha nchi kavu, tukaingia juu ya ghuba. Mwanzo palikuwa shwari. Wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi wa jiko, na mitumbwi ilionekana midogo kama maganda ya maharage.

Baada ya nusu saa mbele yetu hapakuwa na ng'ambo. Mvua ilianzia majini ikafika mawinguni, nyeusi kama sufuria iliyounguza ugali. Ndege ikaanza kurushwarushwa. Sharti la Kapteni kila mwanafunzi analijua: usipoiona ng'ambo, geuka. Nizar mwenyewe aliwahi kunieleza sharti hilo, akilisifu.

Kapteni alikunja mikono kifuani.

Nizar akageuza shingo kunitazama. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Ningeweza kuinamisha kichwa tu, naye angepata nafasi ya kufikiri. Badala yake nilipaza sauti kuishinda injini. "Mwanangu, nakuomba. Anangoja."

Akageukia mbele, akainamisha pua ya ndege, akaingia kwenye mvua.

Hatukuona kitu. Maji yalipiga vioo kama changarawe. Chini yetu ziwa lilikuwa likitokea na kupotea, na kila likitokea lilikuwa karibu zaidi, hadi nikaona povu la mawimbi. Nikaitazama mikono ya Kapteni. Bado ilikuwa kifuani.

Sikukusudia kusema. Nilisikia sauti yangu tu ikipiga kelele. "Geuza! Nizar, geuza ndege! Hayuko Musoma!"

Hakunielewa. Nikamshika bega. "Zuhura alikwisha kufa, mwanangu. Hakuna anayetungoja. Geuza."

Aligeuza. Na Mungu anisamehe, hata katika hali ile niliona jinsi alivyogeuza vizuri, polepole, macho kwenye dira, bila pupa. Tulitoka kwenye mvua, tukarudi Mwanza.

Tulipotua, Kapteni alishuka wa kwanza. Alinikasirikia mimi kabla ya mwanafunzi wake.

"Umeharibu mtihani, Saidi. Ilibaki dakika moja nishike usukani."

Huenda ni kweli. Mimi sikuiona mikono yake ikisogea. Sikumwambia hivyo, ndiyo maana naandika hapa.

Nizar alisikia neno mtihani akabaki amesimama kwenye bawa. Alinitazama mimi, si Kapteni. "Fundi, mimi nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya huyo mtoto."

"Hilo ndilo kosa lako," Kapteni alimjibu. "Na sisi wawili hukutuuliza kama tuko tayari."

Akamwambia ameshindwa, arudi kupimwa baada ya mwezi. Kisha akaenda ofisini kwake kuandika.

Nilidhani Nizar naye ataondoka. Ningekuwa yeye, ningeondoka. Lakini mvua ilikuwa imetufuata, akanisaidia kuisukuma ndege bandani. Tulipomaliza akakaa juu ya debe, maji yanamtiririka, akauliza bila kunitazama.

"Ni kweli alikufa, au hilo nalo ni la mtihani?"

Nikamwambia ni kweli. Miaka sita iliyopita, Musoma, kwa dada yangu, kwa homa. Habari kwamba anaumwa iliponifikia nilikimbia bandarini. Palikuwa na mashua moja tu ya injini inayokwenda huko, ya nahodha anayeitwa Mzee Abdala, na siku ile ziwa lilikuwa limechafuka. Alikataa kung'oa nanga. Nilimpigia magoti mbele za watu. Aliniinua, akasema, "Saidi, nina watu kumi na wanne humu." Akakataa tena. Tuliondoka siku ya tatu, ziwa lilipotulia. Nilifika Musoma nikakutana na ndugu zangu wanatoka makaburini.

Nizar alijifuta maji usoni. Kisha akasema, "Mimi nisingeweza kukukatalia, fundi. Huyo nahodha ana moyo gani?"

Kwa miaka sita jibu lake nimekuwa nalo mdomoni. Moyo wa jiwe. Nimelisema kwa ndugu, nimelisema kwa majirani. Mzee Abdala anakaa vichochoro viwili kutoka kwangu. Ni mtu mzima kuliko mimi, mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia, na kila tukikutana nageuza uso. Aliwahi kuja kukaa kwenye mkeka mmoja nami arusini. Niliinuka nikahama, watu wote wakaona. Hajawahi kunilaumu.

Leo nilishindwa kulitoa hilo jibu. Nilikuwa nimetoka tu kumwona mtu mwenye moyo laini akitupeleka majini, kwa sababu mimi nilimwomba vizuri. Mle kwenye mvua, kwa mara ya kwanza, nilikuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

Nizar akasimama, akaniaga. Hakusema "kwaheri ya kuonana". Alisema tu, "Haya, fundi." Sijui kama kesho atakuja kwangu kwanza. Sina haki ya kumdai.

Mke wangu aliponiona nimelowa aliuliza kulikoni. Nikasema mvua. Mtaani wote wanamwita Mama Zuhura mpaka leo, na mimi nimemtumia mtoto wake kama kamba ya kumvutia kijana wa watu, bila hata kumwomba ruhusa. Nitamwambia, lakini si leo. Leo sina nguvu ya kumwona akilia.

Kapteni nitamwambia asubuhi: tajiri nitakuwa, mlevi nitakuwa, mgonjwa pia, ila mzazi tena, hapana. Hata hivyo siwezi kusema mtihani wake ni mbaya. Ulimwonyesha Nizar kitu ambacho kuzunguka uwanja kusingemwonyesha kamwe. Hilo linanichosha kuliko yote, kwamba Kapteni hana kosa.

Na nikijiuliza bila kujificha: siku ile, miaka sita iliyopita, kama Mzee Abdala angekubali, ningefurahi? Ningefurahi. Ningepanda wa kwanza. Nisingewahesabu wale wengine.

Kesho ni Ijumaa. Mzee Abdala huswali mstari wa mbele, na siku hizi hutoka taratibu kwa sababu ya goti lake. Nitasimama mlangoni nimsubiri. Nitamwambia, "Shikamoo." Zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Ataitikia?