Kilindo cha Anselmo

Majengo,
Mpanda.
9 Septemba 1956.

Mpendwa Dada Generosa,

Shikamoo dada yangu. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Moba ng'ambo ya ziwa, wewe na shemeji Leodgar na watoto wote. Kile kikohozi kimekwisha? Mama ananiuliza kila asubuhi, nami namjibu kama vile najua. Sisi huku miili ni mizima. Mvua bado, na vumbi la malori ya mgodini limetujaa mpaka kwenye mboga. Wifi yako Katarina amejifungua salama mtoto wa kike, tumempa jina lako. Naona haya hata kukuambia, utadhani nakuhonga.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara moja nikaikunja, sikuweza tena. Ati ulisimama mbele ya wenye harusi bila asali ya pombe yao, na mama wa bwana harusi akakuita mwongo sokoni, wateja wako wakisikia. Wewe, uliyejijengea jina kwenye nchi ya watu! Haki ya Mungu, natamani ardhi inimeze. Mwanzo nilikuandikia kwamba upepo wa ziwa ndio uliotuzuia. Upepo nimeusingizia, dada. Aliyekosa ni mimi.

Unajua tulivyokuwa tukifanya. Mjomba Krispini ananunua asali kwa warina kule Inyonga, anachagua mwenyewe iliyo nzuri. Mimi naipokea hapa na kuipakia lori la Karema. Pale ufukweni yupo mtani wetu Anselmo, anavigawa vilindo, vile vyombo vya magome tunavyotilia asali, kwenye mitumbwi ya ndugu zake, huyu kidogo, yule kidogo, ili mmoja akikwama wengine wafike kwako. Bosi hakuna. Na kila safari Anselmo anajitwalia kilindo kimoja, anakigonga gome lake na kusema, "Hiki baba yenu alisahau kunirithisha, watumwa wangu nyie!" Tunacheka, mzigo unavuka. Ndivyo koo zetu mbili zilivyotaniana tangu mababu.

Basi ulipoandika kwamba hata watu wa mjini Albertville huko kwenu wanaitaka asali yetu, kichwa kikanivimba. Si unajua mimi karani! Pale mgodini kila jambo linapanda ofisini kwa mzungu mmoja ndipo linashuka. Nikajiambia, biashara ya kuvuka mpaka haiendeshwi kienyeji, lazima iwe na mkubwa, na mkubwa ni mimi. Mjomba nikamwambia asinunue bila neno langu. Nikamweka Evarist, karani mwenzangu wa zamani, awe msimamizi wa Karema, kisitoke kitu pale mpaka mimi niseme. Mitumbwi nikaiona ya kishamba, nikakodi boti moja la mashine libebe mzigo wote kwa mkupuo. Mjomba alinionya kwamba mrina hatundiki mizinga yake yote mti mmoja. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya porini. Mjomba wangu mwenyewe nilimjibu hivyo.

Linaloniuma zaidi bado sijalisema. Evarist aliniletea habari kwamba kilindo kimoja kimepungua, kimechukuliwa na Anselmo. Ningecheka tu, mambo yangekwisha. Lakini nilishakuwa bwana mkubwa. Nikamtumia Anselmo neno kwamba akirudia nitampeleka barazani kwa wizi. Mtani, dada! Nimemwita mtani mwizi, kwa kitu ambacho ni haki yake. Mama aliposikia hakunigombeza, alihamishia kigoda chake upande wa pili wa ua.

Hata wiki mbili hazikupita, boti likafa mashine kabla ya kupakia. Vilindo vimepangwa mchangani, jua kali, asali inachuruzika, sisimizi wanafanya sherehe. Mitumbwi ya kina Anselmo imelala pale pale na ziwa limetulia kabisa. Zamani wangevusha bila kumwuliza mtu. Safari hii walishika nyavu zao wakaenda kuvua. Evarist simlaumu, mikono nilimfunga mimi. Yeye alisubiri neno langu, na neno langu lilikuwa linasubiri lori. Lilipofika, harusi ilikuwa imeshapita.

Jumapili iliyopita nilikwenda Karema mwenyewe, na mbuzi. Nilitegemea matusi ya kila aina. Nilijua ataniita mla masega, ataninyang'anya kofia, nami ningempa kwa furaha. Loo! Alisimama, akaniletea kiti. "Karibu, bwana Gaudensi. Habari za Mpanda?" Mkewe akaniletea maji ya kunawa kwa heshima, kama vile nimetumwa na serikali. Nikamtania kuhusu kitambi chake, akasema asante. Dada, sijapigwa maishani mwangu kama nilivyopigwa na ile asante. Nililia pale kitini, mtu mzima na suruali yangu ya kazini. Mbuzi alimkataa, alisema anaogopa kushika mali ya watu.

Nilimwambia ufukwe ni wake kama zamani, aamue mwenyewe siku na mitumbwi. Mjomba naye nimemrudishia mamlaka yake na kumwomba radhi. Nawe huko amua mwenyewe wateja na bei, Albertville uende au usiende. Mimi nitapakia lori, basi. Anselmo alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Ila vilindo sita vilivyopona amekubali kuvivusha, pamoja na barua hii. Nimeibandika gundi asije akaisoma. Kimoja wapelekee wale wenye harusi, uwaambie mwongo ni mdogo wako.

Mama anakusalimu, na mjomba Krispini, na Katarina, na huyo Generosa mdogo ambaye kazi yake ni kulia. Msalimie sana shemeji. Mama Bikira awafunike nyote.

Sasa nina ombi moja. Kabla hujanisamehe au kunilaani, hesabu vilindo. Vikiwa sita kamili, basi tumempoteza. Vikiwa vitano, nakusihi usimwulize kitu, mkaribishe ndani umtukane vizuri, halafu uniandikie siku hiyo hiyo.

Mdogo wako akupendaye, na akuoneaye haya,

Gaudensi