Msomaji Hapandi Mimbarini

Ålborg, 12 Januari 1998

Mdogo wangu Rannvá,

Hujambo? Baba hajambo? Magoti yake yanasemaje na baridi hii? Sisi huku wazima. Salamu zimekwisha, sasa nikugombeze.

Krismasi nilikuuliza kwenye simu kama umeomba nafasi chuo cha wachungaji. Ukanijibu, “Mungu angenitaka angenipa sauti.” Rannvá, usimsingizie Mungu uoga wako! Tangu mdogo ulikuwa unajifungia kwenye kibanda cha kukaushia nyama, unayahubiria mapaja ya kondoo yaliyotundikwa, ukimaliza unayabariki. Nilikuwa nakucheka, lakini sikuondoka mlangoni mpaka useme amina. Leo una miaka thelathini na tisa, na kila Jumapili mchungaji akishindwa kuvuka bahari unasoma kitabuni mahubiri ya watu waliokufa zamani, umesimama pale chini ya mimbari aliposimama baba enzi zake za usomaji.

Musa naye alisingizia ulimi mzito, na Mungu alimkasirikia. Hata mimi nimekasirika.

Dada yako,
Marjun


Sandoy, 3 Februari 1998

Dada Marjun,

Shikamoo, ingawa hustahili. Baba mzima, anakula, anagomba. Mimi pia mzima, ila barua yako imenichefua.

Ni rahisi kuwa jasiri kwa niaba ya mwenzio ukiwa ng'ambo huko Ålborg. Unakuja kisiwani kiangazi, unakula kondoo wetu, unapiga picha na baba, huyoo umeondoka. Nani anamwogesha? Nani anamvalisha soksi? Nikienda chuo, utamvalisha wewe?

Tena unajua vizuri kwamba msomaji hapandi mimbarini wala haongezi neno lake. Naishukuru sheria hiyo. Magoti yangu hugongana nikisoma maneno ya wengine, sembuse yangu! Nimeomba miaka yote, nasikia kimya tu. Labda kimya ndilo jibu. Usiniandikie tena habari hizi.

Mdogo wako,
Rannvá


Sandoy, 31 Machi 1998

Dada Marjun,

Shikamoo. Baba hajambo. Mimi nimejaa hasira, na safari hii si kwa ajili yako.

Beinir, mwana wa Billa jirani yetu, alizama baharini Alhamisi. Jumapili mawimbi yalikuwa bado makubwa, mchungaji hakuja, nikasoma mimi. Mahubiri ya siku hiyo kitabuni yalisema Mungu huwarudi kwa bahari wale awapendao, na mama anayelia mno, imani yake ni haba. Billa alikuwa benchi la mbele. Nikamwona anajiziba mdomo kwa leso, ili asilie.

Marjun, nilishikwa na hasira nisiyoijua. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo: kama haya si maneno yako, nipe yako. Nikakifunga kitabu. “Billa,” nikasema, “lia. Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, na hakuna aliyemwambia imani yake haba.” Billa akapiga yowe, nami nikaendelea kusema. Magoti hayakugongana. Mjomba Dánjal akatoka nje, akabamiza mlango.

Jioni wazee wa kanisa wakaja nyumbani. “Nani kakutuma kuhubiri?”

“Aliyemtuma Musa.”

Wameninyang'anya kitabu. Basi wakae nacho! Leo nimepeleka maombi chuoni. Wakinikubali, njoo umvalishe baba soksi.

Mdogo wako,
Rannvá


Ålborg, 9 Julai 1998

Rannvá,

Salamu kwa baba. Kwa hiyo wamekukubali. Niliisoma barua yako nimesimama jikoni, nikafurahi, halafu nikakasirika mpaka nikaunguza viazi. Kazi yangu je? Bustani yangu je? Ulikuwa na miaka ishirini ya kupata ujasiri, umengoja mpaka mimi nimezoea raha!

Nimekata tiketi ya meli. Usinishukuru, nitakujibu vibaya.

Dada yako,
Marjun


Sandoy, 23 Novemba 1998

Mdogo wangu Rannvá,

Hujambo huko chuoni? Unakula? Baba hajambo, soksi anasema nazivuta vibaya.

Wazee wa kanisa wamenikabidhi kitabu mimi. Eti ni binti wa msomaji, na sina maneno mengi. Mimi! Jana mchungaji hakuvuka, nikasimama pale chini. Kumbe kanisa lile dogo hugeuka kubwa ukiligeuzia uso. Magoti yangu, Rannvá, niliyasikia kwa masikio.

Nikafika mahali panaposema anayeendelea kuomboleza anabishana na Mungu. Billa alikuwa palepale, benchi la mbele, ananitazama. Nilijua la kufanya. Mimi niliyekuita mwoga nilijua kabisa.

Nikasoma mpaka mwisho.

Billa aliondoka bila kunisalimia, na ana haki. Nilipokuwa namsukuma baba kwenye kiti chake cha magurudumu tukirudi nyumbani, nikalia kwa hasira. Hakunibembeleza, unamjua. Alisema tu, “Unasoma vizuri, Marjun. Yule mwenzako anahubiri.”

Maliza chuo urudi. Mimbari haina mtu.

Dada yako,
Marjun