Shati la Mtendaji

Jumanne, baada ya chakula

Bahasha imejaa mpaka haifungiki. Vyeti, picha nne, kitambulisho, nakala za vyote hivyo. Kesho nina usaili wa ushonaji kiwandani Kihonda, na hakuna aliyeniambia nije na hata nguo moja niliyoshona.

Kilichonitoa jasho ni barua ya utambulisho. Foleni kwa mtendaji wa mtaa tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni nani, binti?"

Nikataja jina, nikamwambia nimezaliwa hapa hapa Bigwa. Akasema hanikumbuki kabisa. Kisha akaandika: "Ninamfahamu vizuri, ni mwaminifu na mchapakazi." Akagonga muhuri.

Na muda wote huo amevaa shati langu! La kitenge, mkewe ndiye aliyeniletea kitambaa. Maua ya mfuko niliyalinganisha na ya kifuani mpaka mfuko hauonekani. Alipomaliza kuandika alipapasa kifua kizima akitafuta pa kuchomeka kalamu.

Mama anasema kesho nivae gauni la dukani, wasije wakanidharau wakidhani nashona barazani. Si ndiko ninakoshona, mwaka wa pili huu?

Naogopa. Wakininyima hii sijui...

Ningekuwa na akili ningemvua mzee lile shati, nikalitia kwenye bahasha, nikamwachia barua yake.