Nilichomficha Mzee Rutayisire

Buffalo, 9 Novemba

Kaka yangu Leopoldi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi. Miguu vipi, bado inavimba kwa kusimama huko ghalani Louisville? Sisi hatujambo, ila baridi inatukomesha.

Kaka, leo nina la kujivunia, nivumilie. Unajua natafsiri Kirundi hospitalini. Mwezi uliopita daktari alisema kansa ya Mzee Rutayisire imeenea, dawa hazisaidii tena. Mwanawe, Mizero, alikuwa ameshanivuta pembeni akinisihi nisimvunje mzee moyo, maana kwetu mgonjwa haambiwi kifo chake. Basi nikamwambia mzee ni vidonda vya tumbo, atapona. Akanishukuru, akaniombea baraka.

Tangu hapo sikuwa mtu. Chakula hakishuki, kichwa kinagonga, watoto nawafokea bure. Na mzee alikuwa na binti huko mji wa Columbus, Veridiana, hawajasemezana miaka minane. Kila nikimwona mzee, ananiambia akipona atakwenda kumwona bintiye. Moyo ulinisuta nikakonda.

Wiki mbili zilizopita nikakiri uongo wote kwa msimamizi wangu. Daktari akarudia maneno yake, nami nikayatafsiri yote. Mizero akasema nimemuua baba yake. Mzee akamwambia, "Mwanangu, nitafutie tiketi ya Columbus." Amekwenda, kaka. Jumapili Veridiana alinipigia, akasema wamepatana, anamlisha uji kwa mkono wake. Mimi nimesimamishwa kazi, lakini nakula nashiba, na kanisani napita kifua mbele.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba alipougua kule kambi ya wakimbizi Mtabila, nawe ukiwa Kigoma mjini, aliniuliza kama atapona. Nikamwambia atapona. Akataka nikutumie mtu uje, akuombe radhi kwa kukufukuza nyumbani. Nikamjibu asihangaike, utarudi mwisho wa mwezi. Alhamisi ya wiki ile ile akafariki.

Miaka yote hii unasema Baba alikufa akiwa na kinyongo nawe, nami nakusikiliza, nanyamaza. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa anakuita, kaka. Mimi ndiye niliyemzuia.

Nisalimie wifi na watoto. Ukikasirika una haki, lakini kasirika ukijua kwamba Baba alikupenda.

Mdogo wako,
Delfina