Mti wa Bena

Kisangani, Jumamosi jioni

Na sasa ua wetu uko wazi mno. Tumeukata mti wa matunda ya safou, tupate kuni.

Watu hawaoni mafuta ya lori yanahusiana vipi na sufuria yao. Ni rahisi: makala yetu, yaani makaa ya kupikia, hutoka Bengamisa kwa lori, na lori linakunywa mazout. Mazout ikikosekana, kama wiki hii, hata mwenye pesa hapati makala.

Nilimkumbusha mke wangu kwamba tuna paneli ya sola juu ya bati.

"Papa Bena, solaire yako iko inawasha taa tu. Pondu itaiva na taa?"

Haitaiva; majani ya muhogo yanataka moto. Nilijua.

Chini ya mti ule tulizika kitovu cha Bena, binti yetu wa kwanza, kama desturi yetu. Bena mwenyewe alifia mbali na akazikwa hukohuko. Hapa nyumbani tulibaki na mti.

Jirani yetu Faustin alikuja na shoka. Nilipoanza kumweleza mti utaangukia upande gani, akacheka: "Professeur, elezea shoka!" Nami nikacheka. Mti ulipolala chini, hakuna aliyecheka.

Matawi makavu yameivisha pondu ya leo. Nimekula kidogo.

Kisha Mama Bena akazoa majivu, akayarudisha kwenye kisiki, akayapaka polepole kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta. Nilitaka kumweleza kwamba majivu ni mbolea, kwamba kisiki pengine kitachipua...

Nikamshikia taa.